Baba Mkwe na Maharagi Yaliyokosa Chuma

Tangu niolewe, baba mkwe wangu hajawahi kuniambia neno moja uso kwa uso, na tunaishi nyumba moja hapa Kalemie. Hatuna ugomvi. Kwao mume wangu hiyo ndiyo heshima: mke wa mtoto haongei na baba wa mume, hamtazami machoni, wala hampi mkono. Kila neno lazima lipitie kwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mama mkwe. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama mkwe aliposafiri kwenda Moba kumwuguza dada yake, mume wangu akiwa kazini Bendera, kwenye mitambo ya umeme. Tukabaki wawili, mimi na mimba yangu ya kwanza, yeye na bustani yake ya maharagi nyuma ya jiko.

Ilianza siku muuguzi wa kituo cha afya aliponivuta kope la chini akachungulia kama mtu anayechungulia sufuria tupu.

"Mama, damu yako iko kidogo sana," alisema. "Unakosa chuma. Siku ya kuzaa damu itatoka, na weye hauna ya kutoa."

Akanipa vidonge, akaniambia nile maharagi na mboga ya lengalenga kwa wingi. Nilirudi nyumbani. Niliogopa, sifichi. Na kwa kuwa sikuwa na wa kumwambia, niliiambia sufuria ya maji jikoni, kwa sauti, nikijua fika kwamba baba mkwe ameketi upande wa pili wa ukuta.

Kumbe nilikuwa nimemgusa pabaya. Mzee alikuwa mtu wa reli, mpaka treni zilipokuwa za kubahatisha wakampumzisha kabla ya umri wake. Chuma kikosekane nyumbani kwake? Kesho yake nilimkuta bustanini akifukia bulo za kukazia vyuma na misumari mikubwa ya reli kando ya kila shina, huku akiyasemesha majani.

"Ninyi maharagi, mukule. Kuko muntu hapa nyumbani anakosa chuma, na ninyi munalala tu."

Kisha, kwa mazoea ya kituo cha treni, ambako kila kisichotembea hupakwa chokaa, alipaka mawe yote ya mpaka, akapaka na shina la mpapai. Chokaa iliyobaki aliimwaga kwenye matuta ili ardhi ipate nguvu.

Haikuchukua muda majani machanga yakageuka manjano, mishipa tu ndiyo ikabaki kijani. Baba mkwe aliyazunguka akiguna. Akaongeza misumari. Akaongeza na chokaa.

Mimi nafundisha biolojia shule ya sekondari. Ugonjwa ule niliujua vizuri, ila kumwambia mwenyewe ilikuwa mwiko. Hasira ilinipanda. Nilibeba kiti mpaka bustanini, tumbo mbele, nikayapa maharagi somo.

"Ninyi maharagi, musikilize. Chuma haikosekani hapa. Udongo huu ni mwekundu sababu ya chuma, hata bila misumari ya muntu yeyote. Lakini iko kutu, na muzizi haumezi kutu. Lazima muteme asidi kidogo, muibadilishe pale kwenye ngozi ya muzizi, njo itaingia. Kisha inapanda na maji ya shina, imeshikwa na asidi ya namna ya ndimu, mpaka kwenye majani. Sasa muntu amewamwagia chokaa. Kila asidi munayotema, chokaa inaimaliza."

Baba mkwe alikuwa ameinama kwenye tuta la pili, akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

"Na mahindi ya hapo kando yenu je?" aliyauliza maharagi. "Mbona iko kijani?"

"Ninyi maharagi, mumwambie anayeuliza. Mahindi inatuma kitu chake inje ya muzizi, kinakamata chuma kwenye udongo, kinarudi nayo nyumbani."

"Na majani ya zamani? Nayo iko kijani. Haigawie watoto?"

"Chuma ikishaingia kwenye jani la zamani, haitoke kirahisi."

Hilo lilimuudhi kweli. Alisimama akalitazama jani moja la chini kwa muda, akaliambia kwamba huo ndio uchoyo, na kwamba yeye hakulifundisha hivyo.

Nilipoteleza ni pale nilipoyaambia maharagi kwamba hata vidonge vya kituo cha afya, vikiyeyushwa katika maji na kunyunyizwa juu ya majani, vingeweza kusaidia. Siku iliyofuata muuguzi alinisimulia huku akifuta machozi ya kicheko. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi katikati ya wamama wajawazito, kofia mapajani, akingoja zamu yake. Alipofika mbele akaomba vidonge vya chuma. Muuguzi akamuuliza kwa utani mimba iko ya miezi mingapi.

"Bado changa," alijibu kwa heshima zote. "Iko tu na majani matatu."

Akapewa vichache ili foleni iendelee. Aliviyeyusha, akayanyunyizia maharagi kwa ufagio, akakwangua chokaa yote kwa pawa, sepetu lake la reli, akaleta samadi. Majani yakarudi kijani, kwanza madoa madoa, kisha yote. Tulivuna vizuri. Yeye alikula maharagi asubuhi na jioni bila kunung'unika, na mimi nilikula na kumeza vidonge vyangu, lakini mtoto tumboni alikuwa anajipakulia kwanza. Muuguzi aliendelea kunivuta kope na kutikisa kichwa.

Siku ya kuzaa mtoto alitoka vizuri, analia kwa nguvu. Damu nayo ikatoka, kama nilivyoambiwa. Sauti za watu zikaanza kwenda mbali, nikajua ninakufa. Hospitali ilitaka damu ya ndugu, mama mkwe alikuwa bado Moba, na gari la mume wangu lilikuwa limekwama kwenye matope njiani. Ndugu aliyekuwepo mlangoni alikuwa mmoja tu. Wakampima, wakakuta damu yake inanifaa.

"Papa, uko na damu muzuri," nilimsikia muuguzi wa hospitali nyuma ya pazia. "Unakulaka nini?"

"Maharagi."

Baadaye aliingia chumbani, uso ameuelekeza ukutani, pamba imefungwa mkononi. Mtoto alikuwa amepelekwa kuoshwa, muuguzi ametoka, na maharagi yalikuwa nyumbani. Akabaki akitafuta wa kusema naye, mpaka alipouona mfuko wa damu yake umening'inia juu yangu.

"Weye damu," aliuambia polepole, "usikawie njiani. Wanasema jani la zamani haitoe chuma yake. Wanasema uongo. Shuka, na ukifika, umwambie mutoto wangu asiende."

"Imefika, Papa," nilimjibu. Yeye mwenyewe, si mfuko.

Hakugeuka. Aliuambia mfuko asante, akavuta kiti, akaketi nje ya mlango mpaka damu yote iliposhuka.