Nilivyomlilia Fundi Baiskeli wa Watu

Nianze na lenyewe ili tusizungushane: mimi ndiye yule mwalimu aliyesimama msibani kwa watu asiowajua akamlilia marehemu ambaye hajawahi kumwona hata kwenye picha, tena akiwa amejifunga kitenge cha bibi wa watu kiunoni. Kama habari hiyo iliwafikia mkadhani watu wametia chumvi, hawakutia, na kuna sehemu hata hawazijui.

Chanzo ni likizo ya baiskeli. Najua mtasema mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa jiografia, mkazi wa Buzuruga, baiskeli ya nini, lakini wakati huo Mama Grace, mke wangu, alikuwa ametimiza miezi minane tangu aondoke (alirudi kwa kaka yake Musoma, hakuna mwanaume mwingine wala nini, alisema tu amechoka kuishi na mtu asiyeongea) na shule zilikuwa zinafungwa, na likizo ya kukaa ndani nasikiliza friji inavyounguruma nilikuwa nimeshaimaliza moja, nyingine sikuitaka. Basi nikaingia ofisi fulani mjini inayotembeza watu kwa baiskeli, na dada mmoja pale, Neema, akanitandazia vipeperushi viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa na mandhari haswa, mawe makubwa, ziwa, jua linazama. Cha pili kilikuwa na picha ya watu wanane wamekaa mkekani wanakula samaki, mmoja kacheka mpaka kafumba macho, na ziwa lenyewe linaonekana kidogo tu kwenye kona.

"Hiki cha kwanza ndicho kizuri, mwalimu," Neema akasema. "Hiki kingine njia yake ni vumbi, na hakuna cha ajabu cha kuona."

Nikachukua cha vumbi. Sikumwambia sababu, ila ninyi mmeshaelewa.

Nikanunua kofia ngumu, nikanunua na kaptula nyeusi ya kubana yenye kigodoro makalioni (Neema alinihakikishia kwamba bila hiyo siku ya pili nitakula nimesimama), halafu nikawatangazia walimu wote ofisini kwamba nasafiri siku tatu na wenzangu, tunazunguka ng'ambo ya ziwa. Hilo neno wenzangu nililitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Asubuhi ya safari nafika kivukoni, namkuta Neema amesimama na baiskeli moja, uso umemshuka. Wale wengine walikuwa kundi la ofisi moja na wote wameahirisha jana yake jioni.

"Tukupangie mwezi ujao, mwalimu?"

Hapo ndipo nilipokosea. Mwenye akili zake angerudi nyumbani akalala, lakini mimi nikamfikiria mwalimu wa taaluma, ambaye naye anakaa Buzuruga, akinikuta sokoni nachagua nyanya siku ileile niliyosema niko ng'ambo na watu wangu. Nikasema nipe ramani, naenda. Nikavuka hadi Kamanga peke yangu na ile kaptula.

Njia siwezi kuisingizia, ilikuwa nzuri, mara ziwa liko chini yako, mara mashamba ya mihogo, mara mawe yamebebana kama yatadondoka. Tatizo kila nikiona kitu kizuri nageuka nyuma nimwonyeshe mtu, na nyuma hakuna mtu. Nilifanya hivyo mara nne, mara ya nne nikaona uchungu hasa. Mbele kidogo nikakutana na jamaa anasukuma baiskeli ina magunia matatu ya mkaa, tukasalimiana, akaitazama mizigo yangu midogo.

"Mzee, unapeleka nini?"

"Sipeleki kitu. Natembea tu."

"Unakwenda kwa nani?"

Nikamwambia siendi kwa mtu. Akanipa pole, akaendelea na mkaa wake.

Kwenye saa saba mchana, nimechoka, nina njaa, nikaona turubai kando ya njia, wanaume wamejaa kwenye mabenchi, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka wanaimba. Msiba. Sasa kwetu huku hupiti msibani umekaa juu ya baiskeli, unashuka, unavua kofia, unasukuma taratibu mpaka uwapite. Nikashuka, nikavua, nikasukuma. Kabla sijafika katikati, mwanaume mmoja akainuka akanijia, akaishika baiskeli usukani akaanza kuielekeza uani.

"Pole na safari," akasema. "Tulijua utakuja."

Nilifungua mdomo nimwambie kaka, mimi mpita njia. Nawaapia nilifungua. Lakini ni nani aliyewahi kuniambia tulijua utakuja tangu nibaki peke yangu na ile friji? Nikaufunga mdomo nikamfuata.

Kumbe marehemu, Mzee Masanja, alikuwa fundi baiskeli mjini Mwanza miaka mingi, na huyu aliyenipokea ni mdogo wake, Paulo. Walikuwa wamempigia simu fundi mwenzake na marehemu tangu jana, mtu ambaye hapo nyumbani hakuna aliyewahi kumwona, naye akasema anakuja. Sasa anatokea mtu mzima kutoka upande wa kivuko, ana vumbi mpaka kwenye kope, na baiskeli mkononi. Angekuwa nani mwingine? Hata kaptula yangu waliisamehe, wakadhani ndiyo sare ya mafundi. Aliyekataa ni dada mkubwa wa marehemu, bibi wa kama miaka themanini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia magotini kwenda juu, akafungua kitenge begani mwake.

"Mwanangu, jifunge hiki. Mjini vaeni mnavyotaka, hapa kuna wakwe zetu."

Nikajifunga. Nikakalishwa benchi la mbele, wakaniletea maji ya kunawa, tukala ugali na nyama sinia moja watu watano, Paulo ananisogezea minofu, kila anayepita ananipa mkono. Nisiwadanganye, nilikuwa na furaha. Ni vibaya kusema hivyo na mwili wa mtu uko ndani, lakini nilikula taratibu makusudi ili sinia lisiishe. Nilipanga nikimaliza niwaage kimyakimya, niondoke, hakuna atakayejua.

Msemaji wa familia akasimama. "Kabla hatujaenda makaburini, tunaye mgeni wetu, alikuwa na marehemu kila siku huko mjini. Aje atupe neno."

Miguu ilisimama yenyewe. Nikaanza na yale yasiyokosewa, kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, hakuwa na makuu, wote wakaitikia kwa vichwa. Ningekaa hapo ningepona. Lakini watu mia mbili walikuwa wamenyamaza wananisikiliza, na mimi nilikuwa na miezi minane ya maneno tumboni, nikaendelea. Nikasema alikuwa anaamka kabla yangu akichemsha chai. Nikasema alikuwa akinisubiri tule wote hata nichelewe vipi, na mimi nikifika nakula kimya nakwenda kulala. Nikasema alininunulia sweta nikamwambia weka hapo. Paulo akaanza kukunja uso. Nikasema, "Nyumba ni ileile ila siiwezi, ningejua ningeongea naye," na hapo sauti ikakatika, nikalia, kilio chenye makamasi, mbele ya watoto na wachungaji na ile kofia ngumu mkononi.

Mke akifa, jamani, watu wanakuja, wanalala sebuleni, wanakulisha kwa nguvu. Mke akiondoka na mabegi yake hakuna anayekuja, majirani wanakatisha njia wasikutane na wewe dukani. Mimi huo msiba wangu sikuwa nimeulilia popote.

Katikati ya kulia ikasimama bodaboda. Akashuka mzee mwembamba, vidole vyeusi kwa grisi, akajitambulisha kwa watu wa pembeni, kisha akamuuliza Paulo kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Huyu anayesema alikuwa anakula na Masanja nyumba moja ni nani?"

Mjane wa marehemu akainuka pale mkekani taratibu, akanisogelea. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Baba, wewe ulikuwa unamlilia nani?"

"Mke wangu," nikasema.

"Pole. Alifariki lini?"

"Hajafariki. Yuko Musoma."

Kwanza alicheka mmoja huko nyuma, akajaribu kukifanya kicheko kikohozi, halafu benchi lake likamfuata, halafu turubai zima, mpaka mjane mwenyewe akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika na machozi yako palepale. Mimi nilitamani ardhi inimeze na baiskeli yangu. Nikafungua kitenge, nikamrudishia bibi kwa mikono miwili, nikaomba radhi kwa kila niliyemwona. Yule bibi peke yake hakucheka. Aliniambia, "Umekula chakula cha msiba wetu, umetulilia mtu wetu. Jumamosi ijayo tunamaliza matanga. Uje." Paulo akachukua namba yangu ya simu, nikapanda baiskeli na kaptula yangu, na siku mbili za likizo zilizobaki nikazitupa, nikarudi na kivuko cha jioni.

Jumamosi ile ilipofika nilivaa suruali ya heshima. Nilikwenda mpaka kivukoni. Nikakaa kwenye benchi, nikawaza watakavyonyoosheana vidole, nikajiambia bibi alisema vile kwa ustaarabu tu, hakumaanisha, kivuko kikaondoka. Saa nane simu ikaita, Paulo. Ikaita mpaka ikakata. Akatuma ujumbe: "Mwalimu, tumekuwekea chakula. Uko wapi?" Mpaka leo sijamjibu.

Kwa hiyo mnaponicheka kwa ile ya kulia, chekeni, hata wenye msiba walicheka yakaisha. Inayoniuma ni hii, kwamba kuna watu walikwishajua uongo wangu wote na bado wakaniwekea chakula, na mimi nikabaki upande wa huku nimekalia benchi. Nimeapa sirudii. Mtu akisema njoo, nakwenda, hata kama ameniita kwa ustaarabu tu. Ndiyo maana leo mliponiita nimefika kabla hamjatoa viti nje. Msinishangae.