Tairi la Kushoto la Rispa Obare

Rispa Obare hajui kukaa. Kanisani kwao, kisiwani Rusinga, husimama karibu na mlango, na dukani hulipa akiwa ameshaanza kutoka. Kwa hiyo Alhamisi ile, fundi Levis wa Homa Bay alipomwonyesha kiti cha plastiki na kumwambia atulie, alikitazama kana kwamba ameonyeshwa kitanda cha hospitali. Akabaki wima.

Gari lake, Probox nyeupe, lilikuwa likilia. Kwa wiki tatu breki zilikuwa zikipiga filimbi, naye akazoea. Siku mbili hizi filimbi ilikuwa imegeuka mkwaruzo, chuma juu ya chuma, uliopanda kutoka kwenye pedali hadi gotini. Nyuma alikuwa amepakia magunia kumi na moja ya omena kavu, wale dagaa wa ziwani, ya kupeleka Migori kwa mteja wake, ambaye hulipa akishauza.

Levis alichutama mbele ya gurudumu, akachungulia kupitia matundu ya rimu, akainuka akipangusa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu.

"Nyar Rusinga," alisema, kwani yeye pia ni wa kisiwa hicho na humwita binti wa nyumbani, "hapa ni kubadilisha yote. Diski mbili, kalipa mbili, padi, na breki za nyuma. Elfu ishirini na mia tano. Hiyo ni bei ya nyumbani."

"Na ya ugenini ni ngapi?"

"Ya ugenini ungelia."

Kwa miaka minne Rispa hakuwahi kuuliza bei kwa fundi mwingine. Mtu wa kwenu hawezi kukuumiza, ndivyo alivyoamini. Kwenye pochi alikuwa na elfu ishirini na moja, na elfu kumi na tano kati ya hizo zilikuwa na kazi yake. Alfajiri ya Ijumaa boti ya Nicanor ingetua, na kwenye ufuo wao mama mwenye haki ya kununua omena wa boti hulipa pesa mkononi kabla beseni la kwanza halijashuka. Asipokuwa nazo, omena huenda kwa mwingine, na tangu siku hiyo huyo mwingine ndiye mwenye haki hiyo. Rispa alilijua hilo vizuri. Yeye mwenyewe aliipata boti ya Nicanor pale mama mwenzake alipolazwa hospitali wiki moja.

"Nitarudi," alisema.

"Na mlima wa Rodi?"

"Kupanda hakutaki breki."

"Jioni utashuka, mama."

Neno hilo liliingia garini pamoja naye. Alipanda Rodi Kopany kwa gia ya pili, akapita Rongo akiwa ameacha nafasi ya nyumba nzima mbele yake, na Awendo akakubali kufuata trekta la miwa kilomita sita bila kulipita. Safari ya saa moja na nusu ilikula karibu saa tatu. Kila alipogusa breki alikunja uso kabla ya sauti kufika.

Mteja wake Teresa, mama wa Kehancha anayenunua omena Migori, alikuwa amesimama mbele ya stoo yake, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Caleb, gari yako nimeisikia kabla sijaiona!"

"Fundi wangu anataka elfu ishirini."

"Ameona nini ya elfu ishirini?"

"Hakufungua tairi," Rispa alisema.

"Basi hiyo ni bei ya macho," Teresa alisema, na magunia yalipokwisha kushushwa akamwelekeza kwa Gisiri, fundi wa kwao Kehancha, nyuma ya kinu cha mahindi.

Alikwenda bila imani. Kama mtu wa kisiwa chake alitaka elfu ishirini, huyu asiyemjua kabisa angetaka ngapi? Zaidi ya hayo, Gisiri alikuwa mtu wa pole pole, na kwa Rispa huo ni ugonjwa. Alimaliza uji wake kwanza, akasuuza kikombe, akatafuta jeki.

"Mama, umenizibia mwanga."

Rispa alisogea hatua mbili, akarudi tatu.

Fundi aliondoa gurudumu la kulia, kisha la kushoto, akazitoa padi, vile vibao vinavyoibana diski gari lisimame. Za kulia zilikuwa zimebaki nusu, zote mbili. Ya kushoto ya nje nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ya kushoto ya ndani ilikuwa imekwisha, chuma kitupu kinachong'aa.

"Unaona? Moja tu ndiyo imekufa. Nne zingekuwa zimechoka pamoja, ningesema ni uzee." Alishika pini ambayo kalipa, kile chuma kinachozisukuma padi, huteleza juu yake. Haikusogea. Aliipiga kwa nyundo ndogo mara nyingi, ikatoka, na mchanga ukamwagikia kiganjani mwake. Ndani ya mchanga mlikuwa na gamba la konokono, jeupe, dogo kama punje ya mchele.

"Mama, hii mchanga si ya barabara. Wewe unaoga na gari?"

Rispa alilitazama gamba lile, na kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yake ilitulia. Kila alfajiri hulishusha gari hadi kwenye boti, magurudumu ya kushoto ndani ya maji, mabeseni yapite moja kwa moja kutoka botini hadi mlangoni, ili asipoteze muda wa kubeba. Hakuna mama mwingine ufuoni anayefanya hivyo. Alikuwa akijivunia.

"Nina haraka kila siku," alisema.

"Haraka ndiyo imekwama hapa," Gisiri alisema, akiinua pini.

Alikagua breki za nyuma, akazirudisha: zilikuwa nzima. Zilihitajika padi za mbele, mipira na grisi ya pini, na diski zote mbili kunyooshwa kwenye mashine. Jumla haingezidi elfu tano, pamoja na ufundi. "Twende dukani ulipe mwenyewe. Nikienda peke yangu utasema nimekula."

Mwenye duka la spea alitaja elfu mbili na mia nane, huku jicho lake likimuuliza fundi kama fungu lake la pembeni libaki kwenye bei.

"Huyu ni mama yangu," Gisiri alisema. "Toa yangu."

Bei ikashuka hadi elfu mbili na mia tatu bila neno zaidi.

Diski zilikaa kwenye mashine hadi saa tisa. Rispa alikwenda kuzitazama mara nne, akarudi mara nne. Saa kumi kasorobo walilijaribu gari kwenye mteremko wa kuelekea daraja la Migori.

"Kanyaga," Gisiri alisema kando yake. Alikanyaga kwa hofu. "Mama, kanyaga kama umeona ng'ombe!"

Gari lilisimama papo hapo, kofia ya fundi ikaruka kwenye kioo. Hakuna sauti. Rispa aliendelea kuisubiri, hadi Awendo, hadi Rongo, akishuka Rodi jua likielekea ziwani mbele yake.

Homa Bay, Levis alikuwa kando ya barabara. Rispa alisimamisha gari mbele ya vidole vya miguu yake, kimya.

Levis aliinama, akasikiliza. "Nani amekutengenezea?"

"Mtu wa Kehancha."

"Amebadilisha nini?"

"Alifungua tairi," Rispa alisema, akaondoka kabla hajajibiwa.

Alfajiri, boti ya Nicanor ilipokaribia, gari lilikuwa juu kwenye mawe, hatua thelathini na mbili kutoka majini. Alikuwa amezihesabu.

"Mama Caleb!" Nicanor aliita. "Leo gari imeogopa maji?"

"Daktari ameikataza. Shika pesa yako, uteremshe beseni."

Mama mmoja aliyekuwa amesogea karibu, akitazama kama pesa zitatoka, aligeuka akaenda zake. Rispa alijitwika beseni la kwanza, maji yakimchuruzikia shingoni, akapanda mawe. Kwenye beseni la sita wenzake walimwambia apumzike kidogo. Alikuwa ameshashuka kuchukua la saba.