Nilisikiliza Alichomwambia Farasi, Nikakitangaza kwa Wageni

Kosa ni langu, sina wa kugawana naye. Ninaandika haya nikiwa nimesimama, maana siku hizi kukaa kumenishinda. Nikikaa kidogo tu, nanyanyuka tena.

Mimi si mtu wa hivi hivi. Nilikwenda Uarabuni kuzoa mavi ya farasi, nikarudi na diploma ya ushauri nasaha niliyojilipia mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono! Nilinunua farasi wawili upande wa Kenya, nikawavusha mpaka wa Busia kwa miguu. Wenye mikokoteni ya punda waliacha mizigo wakatukodolea macho.

"Ssebo, bwana mkubwa, hii punda yako ulilisha nini?" mmoja akauliza.

Nilipita kifua mbele.

Karibu na Rubongi, huku kwetu Tororo, nikafungua kituo cha askari wastaafu ambao vita vimewabakia kichwani, wale ambao mlango ukibamizwa wanalala kifudifudi. Kwangu hawapandi farasi. Wanampiga brashi, wanamwongoza kwa kamba, wanasimama naye. Mtu akiwa na hofu farasi hurudi nyuma. Pumzi ikitulia, husogea. Wala haulizi maswali.

Kanuni ilikuwa moja: mtu akiwa na farasi, mimi nakaa mbali, nisikoweza kusikia. Niliiweka mwenyewe.

Afande Owor aliletwa na mkewe. Miezi mitatu hakutoa neno. Kisha siku moja nikaona midomo yake inacheza shingoni mwa mmoja wa farasi wale wawili, yule jike. Alipotoka nikamuuliza kwa nini alimwongelesha Kiswahili.

"Huyu natoka Kenya, daktari. Lugha yetu, Dhopadhola, hapana sikia. Na Kiswahili ni ya jeshi, ya mambo magumu."

Akacheka! Mkewe alikuwa pale, akafunika uso kwa leso akalia.

Ningetosheka hapo. Lakini mimi nilitaka kujua dawa yangu inafanyaje kazi. Kesho yake nikajificha kwenye banda la nyasi, sikio ukutani.

Owor alikuwa anamsimulia farasi juu ya Ochwo, kijana wa Molo, kijiji cha huku huku Tororo, waliyekwenda naye vitani. Ochwo aliangukia mahali ambapo risasi zilikuwa haziishi. Aliomba maji mpaka jua likawa utosini, akimwita Owor kwa jina. Owor alikuwa na maji. Hakuweza kutambaa kumfikia. Aliporudi nyumbani alimwambia mama yake Ochwo kwamba mwanawe alikufa papo hapo, hakuumia. Na kila msimu humlimia yule mama shamba lake.

Ndugu zangu, jambo kama hilo mtu unalimeza. Mimi nililihifadhi kama cheti kingine!

Ikafika siku ya wageni. Turubai, viti, wakubwa wa wilaya, watu wa kanisa. Nikashika kipaza sauti. Nilieleza safari yangu, diploma yangu, farasi wangu. Makofi yakanilewesha. Nikasema, "Jina sitaji, lakini yuko afande mmoja hapa, mwenzake wa Molo alimlilia maji mpaka mchana. Leo afande huyo anacheka!"

Jina sitaji! Molo waliyemzika kutoka vita vile ni mmoja tu.

Kwenye viti vya nyuma mama mmoja akasimama. Owor mwenyewe ndiye aliyemwalika, aje amwone farasi wake. Alipita katikati ya viti polepole, wageni wakimpisha, hadi mbele yangu.

"Mwanangu, ulikuwa huko wewe?"

"Hapana, mama."

"Owor ndiye amekutuma unieleze?"

"Hapana, mama."

"Sasa kifo cha mtoto wangu kimeingiaje katika sherehe yako?"

Nikakizima kipaza sauti, nikakificha nyuma ya mgongo. Mimi! Mwenye diploma!

Akaenda zake kwa miguu njia ya Molo. Owor alimfuata hadi langoni, akaita "Mama, mama." Hakugeuka.

Owor hakunipiga. Laiti angenipiga! Alirudi uwanjani, yule farasi akamsogelea kama kawaida yake, akanyoosha shingo. Owor akarudi nyuma.

"Hata wewe," akamwambia.

Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Mkewe anasema amerudi kulala ameketi, mgongo mlangoni, na msimu huu shamba la yule mama limelimwa na watu wengine. Nimekwenda Molo mara nne kuomba radhi. Mara zote nimefika kwenye ua, nikazunguka, nikarudi Tororo bila kubisha hodi.

Basi nawe mwenye cheti, mchungaji, mwalimu, mganga, yeyote ambaye watu humfungulia vifua: uchungu wa mtu usiufanye tangazo la kazi yako. Na usijidanganye kwamba kuficha jina kunatosha, mwenye msiba anaujua msiba wake. Ukisikia jambo ambalo hukuambiwa wewe, life nawe. Langu lilitoka mdomoni kwa kutaka makofi tu, na Afande Owor halali.