Najma Fikirini na Kadi ya Agnesi

Najma Fikirini alizaliwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja na foleni ya choo. Baba yake alikuwa fundi saa. Kwake Najma alirithi mambo mawili: mkono usiotetemeka, na tabia ya kutovumilia mtu mwingine aguse kazi yake. La kwanza lilimpa riziki. La pili karibu limpokonye.

Alipotoka chuo cha uhazili aliajiriwa na Mzee Ramniklal, aliyekuwa na duka Mtaa wa Uhuru akiuza karatasi za kaboni na riboni za taipu. Kipindi cha ruksa kilipokuja na milango ya biashara ikafunguka, mzee akaanza kuleta kompyuta kuukuu kutoka Dubai. Kisha mwanawe Ketan akarudi kutoka masomoni, wakapata leseni ya kuuza huduma ya intaneti, wakahamia ghorofa ya tatu upande wa Kisutu. Najma alihama nao. Hakuna aliyemfundisha kazi mpya. Alisoma vitabu vilivyokuja ndani ya maboksi ya mashine, kamusi ikiwa mapajani, mpaka ikafika siku Ketan mwenyewe akawa anamuuliza.

Ndani ya chumba cha mitambo ilikuwamo seva iliyotunza saraka, yaani orodha ya kila mteja na kila mtumishi, kila mmoja na kadi yake. Haikuwa kadi ya kushika mkononi. Ilikuwa mistari ya maandishi ndani ya mashine: jina, cheo, simu, barua pepe, mkubwa wake wa kazi. Mteja alipotaka kuingia mtandaoni, mashine nyingine ziliiuliza saraka kwanza kama mtu huyo anajulikana. Binadamu naye aliweza kuiuliza. Unafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala mapambo, unaandika amri kwa mkono, unabonyeza, nayo inakujibu. Inajibu ulichouliza, na kati ya hicho inakupa kile tu unachoruhusiwa kukiona.

Kwa miaka mitatu Najma peke yake ndiye aliyejua kuiuliza vizuri. Mtu akikwama, huitwa Najma. Kisha, Desemba mwaka 2000, akaajiriwa Agnesi.

Agnesi alikuwa na miaka ishirini na sita, ametoka Mahenge, ana stashahada ya ufundi. Mjini hakuwa na ndugu. Alipanga chumba Magomeni. Siku ya kwanza alimwamkia Najma kwa heshima zote.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," alijibu Najma, na papo hapo akajiona mzee.

Ndani ya wiki sita msichana alikuwa akiandika amri bila kutazama vidole. Ndani ya miezi mitatu wateja walikuwa wakipiga simu na kuuliza, "Yule dada mpya yupo?" Agnesi hakufanya baya lolote. Alifika mapema, aliuliza asichokijua, alishukuru akielekezwa. Hakuna kinachomkasirisha mtu mwenye wivu kama hicho: kukosa kosa la kushika.

Ndipo Najma alipoanza mchezo wake wa asubuhi. Akiwahi kufika, kabla hajavua hata mtandio, anafungua dirisha jeusi na kuandika:

ldapsearch -x uid=agnesi

Kadi ya Agnesi inashuka kwenye kioo. Cheo: fundi msaidizi. Mkubwa wake: Najma. Anasoma mistari yote, anaridhika, anafunga. Ilikuwa kama mtu anayefunua chungu cha jirani kila siku kuangalia kama nyama imeongezeka. Na kwa kuwa alikuwa hodari, hakuishia hapo. Alijifunza kuiuliza saraka maswali ambayo hakuna kazi iliyomtaka ayajue: ni kadi zipi zimebadilishwa tangu jana, saa ngapi, na kwa mkono wa nani. Watu husema wivu hulemaza. Najma haukumlemaza. Ulimfanya bingwa, naye akaudhania kuwa ni bidii.

Mumewe, Zahoro, aliyeuza vipuri Gerezani, aliyaona kabla yake. Jioni moja walipokuwa wakila alisema, "Najma, huyo Agnesi umemtaja mara saba tangu tunawe mikono. Nimehesabu."

"Nazungumzia kazi."

"Kazi gani? Mara amekata nywele, mara amekunywa chai na mhasibu. Mimi nina mshindani mlango wa pili pale Gerezani, jina lake silijui mpaka leo."

"Ndiyo maana huuzi."

Zahoro alicheka mpaka akapaliwa. Najma hakucheka.

Jumanne moja mwezi wa Agosti, Ketan aliwakusanya wafanyakazi, akasema kampuni imekua na chumba cha mitambo kinahitaji mkuu anayetambulika kwa cheo. Atamtaja Ijumaa. Watu wote walimgeukia Najma wakitabasamu. Agnesi naye alitabasamu, tena kuliko wote. Najma akajiambia: anatabasamu kwa sababu anajua kitu.

Kesho yake asubuhi aliiuliza saraka. Kadi ya Agnesi ilikuwa imebadilishwa jana, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri. Aliyebadilisha: Ketan.

Alisoma mstari kwa mstari. Cheo kilikuwa kilekile. Simu ileile. Mkubwa wake yuleyule. Alitoa karatasi aliyoichapa wiki iliyopita, maana alikuwa amefikia hatua ya kuichapa kadi, akalinganisha herufi kwa herufi. Hakuna kilichogeuka. Saraka ilimwambia kuwa kadi imeguswa, ikamwambia nani na lini, lakini nini kilichoguswa haikumwambia. Hilo lilikuwa na maana moja tu: kilichobadilika kiko kwenye mistari ambayo yeye haruhusiwi kuiona.

Angeweza kwenda chumba cha pili, kwa Ketan, na kuuliza. Hatua kumi na mbili, mlango uko wazi. Hakwenda. Siku nzima ya Jumatano alitembea na jambo hilo kifuani. Wamempa, aliwaza. Wameshaandika, wameficha, mimi nasubiri Ijumaa kama mjinga. Agnesi alipomletea chai, Najma alisema, "Iweke hapo," bila kuinua macho.

"Dada, kuna kitu nilitaka kukuambia," Agnesi alianza.

"Nina kazi."

"Basi baadaye."

"Baadaye pia nina kazi."

Sasa lazima isemwe habari ya bahasha. Kila saraka ina neno moja la siri linalofungua kila mstari wa kila kadi. Neno hilo Ketan alilijua, na nakala yake ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki iliyofungwa kwa utepe, saini yake na ya Najma zikipita juu ya mfuniko. Bahasha ilikaa kwenye droo ya chuma, na ufunguo wa droo ulikaa kwa Najma. Ilikuwa ifunguliwe kukitokea moto, au seva ikifa na Ketan hapatikani. Kampuni nzima ilikuwa na watu kumi na wanane, na Ketan alimchagua mmoja tu.

Alhamisi saa saba mchana, wengine wameshuka kula, Najma alifunga mlango wa chumba cha mitambo, akafungua droo, akaichana bahasha. Hakuna haja ya kumtafutia udhuru. Hakuwa na njaa, hakutumwa, hakulazimishwa. Alikuwa na akili timamu na mkono wake haukutetemeka.

Aliandika lile neno. Akauliza kadi ya Agnesi. Safari hii ilishuka na mistari mitatu zaidi: simu ya nyumbani, kundi la damu, na jamaa wa kuarifiwa akipatwa na jambo.

Jamaa wa kuarifiwa: Najma Fikirini. Uhusiano: dada.

Alidhani amekosea, amefungua kadi yake mwenyewe. Akauliza tena, akiandika jina taratibu. Jibu likawa lilelile. Cheo: fundi msaidizi. Hapakuwa na kingine chochote kilichofichwa.

Ingependeza kusema kwamba wivu ulimtoka pale pale. Haukumtoka. Neno la kwanza lililomjia lilikuwa, "Nani alimtuma?" La pili lilikuwa baya zaidi: ananinunua, anataka nimwonee huruma. Alikaa mbele ya kioo akilitafuta kosa ndani ya mstari ule mmoja, na alikuwa na uzoefu wa miezi mitano wa kutafuta. Hakulipata. Mwishowe lilibaki jambo tupu: kuna mtu ambaye, akigongwa na gari au akizimia, amewaambia watu wamwite Najma, kwa kuwa hana mwingine.

Kisha akaiona bahasha iliyochanika.

Alishuka ngazi mpaka duka la karatasi la chini, akaomba bahasha ya kaki. Saini ya Ketan alikuwa ameiona mara elfu. Angeiandika amefumba macho. Muuzaji, Mama Hemlata, alimpa na kumuuliza, "Moja tu, Najma?"

"Moja tu."

Aliishika pale kaunta. Akafikiri kuwa akiitia saini, kuanzia saa ile kila Ketan atakapomwita mwaminifu itabidi aitikie. Akaiweka chini. "Samahani, Mama Hemlata. Siihitaji tena."

Ketan alikuwa anarudi kutoka kula. Najma aliingia nyuma yake, akaweka bahasha iliyochanika juu ya meza.

Ketan aliitazama kwanza, halafu akamtazama yeye. "Kuna moto?"

"Hakuna."

"Seva imekufa?"

"Inafanya kazi."

"Sasa?"

"Nilitaka kujua ulibadilisha nini kwenye kadi ya Agnesi."

Ketan alikaa. "Ungeniuliza, Najma. Ningekwambia kwa dakika moja. Amemaliza miezi ya majaribio, ile sehemu ya jamaa ilikuwa wazi, nikamwambia lazima ajaze. Akasema ataandika jina lako na atakuomba ruhusa mwenyewe."

"Ningekuuliza, ungejua kuwa nina wivu."

"Na sasa sijui?"

Ketan aliigeuza bahasha, akapitisha kidole mahali saini zao mbili zilipokatika.

"Baba yangu anakuita binti yake. Unajua hilo."

"Najua, Ketan bhai."

"Naomba ufunguo wa droo."

Aliutoa kwenye mkoba wake, akauweka mezani. Alipofika mlangoni alishindwa kujizuia. "Jina la kesho, ulikuwa umeshaliamua?"

"Nilikuwa nimeliamua."

"La nani?"

"Hilo," Ketan alisema, "hutalijua."

Hakumwambia siku ile, wala miaka iliyofuata. Najma, aliyejua kutoa kwenye mashine tarehe, saa na mkono wa mtu, jibu alilolitaka kuliko yote lilikuwa kichwani mwa mwanadamu, na huko amri hazifiki.

Ijumaa alitajwa Agnesi. Watu walipiga makofi nusunusu, macho yao yakienda kwa Najma na kurudi. Najma alipiga makofi hadi mwisho. Kifua kilimuuma vilevile, kama jino. Mtu asidanganywe kwamba kukiri kunaondoa maumivu. Kunaondoa uongo tu, maumivu yanabaki na safari yake.

Agnesi alimfuata chumba cha mitambo. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada, mimi sikukiomba cheo hiki. Haki ya Mungu."

"Najua."

"Na kuna jambo nimelifanya bila ruhusa yako. Nilijaribu kukuambia Jumatano."

"Umeandika jina langu kwenye kadi yako."

Agnesi alishangaa. "Bosi amekwambia?"

"Nimelisoma mwenyewe. Nilichana bahasha nikalisoma. Nilikuwa natafuta cheo chako. Kila asubuhi tangu Machi nimekuwa naifungua kadi yako kuangalia kama umepandishwa. Ndiyo maana sina ufunguo wa droo, na ndiyo maana pengine wewe ni mkuu leo na mimi siye."

Feni za mashine ziliendelea kuvuma. Agnesi alisimama, mkono umeshika mgongo wa kiti, uso ukigeuka polepole, kama mtu anayerudi nyuma kuzipitia upya chai zote alizowahi kuleta.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na mimi nikawa nakuamkia."

"Ukawa unaniamkia."

Agnesi alivuta pumzi. Najma alisema, "Sasa una mamlaka. Ukitaka kulifuta jina hilo, lifute. Sitauliza."

"Sitalifuta," Agnesi alisema. Sauti yake haikuwa na upole hata kidogo. "Wala si kwa sababu nimekusamehe, dada. Sina mtu mwingine mjini hapa."

Najma aliitikia kwa kichwa. Akasimama kutoka kwenye kiti kilichokuwa mbele ya seva, alichokikalia tangu siku chumba kile kilipopigwa rangi, akakivuta nyuma kidogo ili mwenzake apate kukaa.