Nusu ya Maneno ya Nailantei

Kwa miaka kumi na miwili Daktari Nasieku alifundisha sheria ya mazingira katika chuo kikuu kimoja mjini Kitengela, na kila muhula aliwatoa wanafunzi darasani akawapeleka kwao, nyanda za Kajiado, wakawasikilize wafugaji. Sheria isiyojua ng'ombe wanapita wapi, aliwaambia, ni karatasi tu.

Kati ya wote alimwamini Munguti. Alimsimamia tasnifu, akamfundisha salamu za Kimaasai, akamkaribisha kwa shangazi yake Nailantei, aliyemtembeza siku tatu akimwonyesha mapito ya mifugo na twiga.

Machi iliyopita, kampuni iliyotaka kuchimba mawe pale iliwaita wenyeji watoe maoni. Nasieku aliketi na shangazi yake. Aliyesimama kusoma ripoti ya kampuni alikuwa Munguti, sasa wakili wake.

Alisoma vizuri, kama alivyofunzwa. Kisha akasema wenyeji wenyewe wamekiri kwamba ardhi ile haitumiki, akamnukuu Nailantei: "Kiangazi kikikaza, hapa hatuko."

Maneno yale Nasieku aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe katika daftari lake la matembezi yale, na hayakuishia hapo: lakini mvua ikishuka, ng'ombe wote hurudi hapa kuzaa. Alisimama akayasema yote. Mwenyekiti alimshukuru, akaita msemaji mwingine.

Kikao kilipokwisha alimfuata Munguti hadi kwenye gari.

"Mbona umekata maneno ya shangazi yangu?"

"Daktari, niko na familia. Na ni wewe ulitufunza kila upande uko na haki ya wakili."

"Wakili, ndiyo. Sikukufunza kumsingizia mama aliyekupikia."

Munguti alifungua mlango wa gari akaingia.

Lakini lililomuumiza zaidi lilitoka kwa shangazi. Tangu utotoni wamezungumza Kimaasai. Siku hiyo Nailantei alimsemesha Kiswahili, kama mgeni.

"Yule mtu uliniletea wewe."

Leseni ilitoka Juni. Nasieku alikata rufaa, akayawasilisha madaftari yake, na uchimbaji ukasimamishwa hadi kesi isikizwe. Nailantei amekubali kutoa ushahidi.

"Nitakuja niseme kwa mdomo wangu," alimwambia. "Ila wanafunzi wako usiniletee tena."

Muhula huu Nasieku anafundishia darasani. Mwanafunzi mmoja aliuliza wataenda nyandani lini. Alimjibu kwamba hawaendi, akaendelea na somo.