Mkono Uliosemewa

Walinipasua mkono nikiwa macho, bila dawa ya ganzi, kisha wakaandika kwamba sikusikia kitu. Aliyeshika kisu ni daktari mzungu tuliyemwita Bwana Sindano. Aliyemwambia kwamba sisikii ni Walubengo, baba wa mume wangu, naye alijua kwamba nasikia. Mimi ni Nasike. Anayeandika ni Hellen, binti ya dada yangu, maana mimi kalamu sijui. Maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapunguze makali.

Nilifika upande wa Moiben mwaka wa nzige, nikiwa mke mgeni. Mume wangu Wamalwa aliendesha ng'ombe wa plau katika shamba la mzungu, na baba yake alikuwa nyapara hapo. Mwaka uliofuata, tukiezeka ghala la mahindi, bati liliteleza likanikata juu kidogo ya kifundo cha mkono. Kidonda kilipona, lakini kidole cha mwisho na jirani yake vilikufa. Viliungua jikoni nikajua kwa harufu.

Bwana Sindano alikuwa mstaafu, anaishi ng'ambo ya mto. Aliposikia habari ya vidole vyangu alikuja kwa farasi, amefurahi kama mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea. Tangu hapo, kila Jumatano kwa miaka miwili, nilikaa kwenye veranda yake nimefungwa kitambaa machoni. Alinigusa kwa pamba, kwa unywele wa farasi uliofungwa kwenye kijiti, kwa pini, na kwa vichupa viwili, kimoja cha maji moto na kingine cha maji baridi. Kila mara aliuliza: sasa? hapa? unasikia nini? Kisha akachora kwa wino juu ya ngozi yangu, nikarudi nyumbani mkono umejaa mipaka kama shamba lililopimwa. Alitaka kujua ngozi inapelekaje habari kichwani, na kama habari ya moto na habari ya pini hupita njia moja.

Ningeweza kumwambia. Uchungu ulirudi kwanza. Pini ikigusa kidole, upande mzima wa mkono uliwaka, lakini pamba sikuijua. Baridi ilirudi kabla ya moto. Kuna siku aligusa kidole cha mwisho nami nikasikia katikati ya kiganja, akaruka kwenye kiti kwa furaha.

Shida ilikuwa namna ya kusema. Kiswahili chake kilikuwa cha lete na peleka. Walubengo alijua Kiingereza, kwa hiyo ndiye aliyetufasiria. Na kwetu Wabukusu mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hamgusi, wala habari za mwili wake hamwambii. Basi nikaiambia meza.

"Wewe meza," nilisema, "mwambie mwenye pini kwamba hapo panawasha kama nimeguswa na kiwavi."

Walubengo alitazama mlango, akakohoa, akageuza maneno kwa Kiingereza. Siku moja mzungu aliuliza kwa nini nazungumza na fanicha. Walubengo akamjibu kwamba meza ya daktari ina masikio kuliko nyapara. Mzungu alicheka, kisha Walubengo akaigeuzia meza jibu lake kwa lugha yetu, na mimi nikacheka chini ya kitambaa. Sikatai, tulicheka.

Pale mshipa wa fahamu ulipokatika palikuwa pameota kijivimbe kama harage. Bwana Sindano alitaka kukitoa akitazame kwa kioo chake cha kukuzia vitu. Alisema kama kijivimbe bado kinasikia uchungu itabidi angoje dawa ya ganzi ije kwa treni, na yeye wiki ile ile alikuwa anasafiri kwenda Ulaya. Alikuwa amemwahidi Walubengo kwamba kazi ikiisha kabla ya safari, atamwombea kwa mwenye shamba nafasi ya kulisha ng'ombe kumi zaidi. Akakibonyeza.

"Meza," nilisema, "hapo pako hai. Panachoma mpaka begani. Mwambie asiguse tena."

Walubengo alitazama mlango. Kisha akasema maneno mawili matatu ya Kiingereza. Lugha ile sikuijua, lakini urefu wa maneno yangu niliujua, na yake yalikuwa mafupi mno. Mzungu akasugua mikono.

Walubengo alizungushia kiwiko changu gunia ili ngozi zetu zisigusane, ndipo akanishika. Desturi hiyo aliikumbuka. Kisu kikaingia. Sikulia, kwa sababu mke halii mbele ya baba wa mume wake, sembuse akiwa mikononi mwake. Nilibana vidole vya miguu mpaka kucha zikachimba ubao wa sakafu. Walubengo alikuwa ameinamisha macho chini. Aliviona vidole vile.

Mzungu alisafiri na hakurudi. Daftari lake liliachwa kwenye zahanati ya mashamba. Wamalwa alikwenda vitani, naye hakurudi. Na mkono huu haujatulia hata siku moja. Siafu hutembea ndani yake. Nauosha, naufunga, naufungua. Ibada siimalizi nikiwa nimekaa, natoka, narudi, natoka tena, mpaka wanakwaya husema, "Nasike ana safari."

Ningeyameza hayo yote. Lakini mwaka jana jirani yangu Kimeli, baba wa watoto sita, alinaswa kidole na mashine ya kupukuchua mahindi. Tulimpeleka zahanati, mimi na Hellen. Dresa, mfunga vidonda wa hapo, anaitwa Elphas. Akaanza kutia uzi kwenye sindano.

"Tia ganzi kwanza," nikasema.

"Ganzi ni ya wazungu, mama. Nyinyi hamuihitaji. Imeandikwa."

Akafungua daftari. Hellen akasoma. Palikuwa na mkono umechorwa, na chini yake maneno kwamba mwanamke huyu alipasuliwa akiwa macho asisikie kitu, na kwamba watu wa aina hii uchungu mkali hawana.

Kimeli alitazama picha, kisha akatazama kovu langu. "Kumbe ni wewe," akasema. Afadhali angenitukana.

Akashonwa hivyo hivyo. Hakutoa sauti, maana kwao Wanandi mwanamume aliyetahiriwa halii. Elphas akanigeukia. "Unaona?"

"Mimi nilisikia," nikasema.

"Wewe ni mgonjwa tu. Mzungu aliandika alichoambiwa na mkalimani. Mkalimani akija aseme alikosea, nitaandika hapo chini."

Nilikwenda kwa Walubengo siku iyo hiyo. Alikuwa amekaa kando ya ghala lake. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini nilimtazama usoni.

"Baba, twende kwa Elphas. Useme neno moja tu. Alisikia."

Aligeukia nguzo ya ghala. "Wewe nguzo, mwambie mke wa mwanangu kwamba mkwe hatazamwi hivyo."

"Nguzo haikunishika mkono."

"Nguzo, mwambie mimi ni mzee, nimesahau."

"Na vidole vyangu vya miguu umevisahau?"

Akaitazama miguu yangu, kwa muda. Kisha akachukua fimbo akaingia ndani.

Tangu hapo nakwenda kila Jumatano, na kila Jumatano anaingia ndani. Bwana Sindano, popote alipo, anadaiwa kufuta mstari wake. Elphas anadaiwa ganzi kwa kila mkono unaofika mlangoni pake. Na Walubengo, ambaye sasa hufika ghalani kwa kupumzika mara tatu njiani, anadaiwa neno moja, alisikia, alitamke mbele ya dresa akiwa bado na pumzi ya kulitamka.