Dhamana ya Seli

Usiku ule fundi hakulala. Alikaa kwenye kigoda cha cherehani, simu mapajani, akiusoma tena na tena ujumbe wa binti yake: "Mama usinisubiri. Nimekwama na seli mpaka asubuhi." Alipopiga, simu haikupatikana.

Kwake yeye, seli ilikuwa na maana moja tu. Marehemu mumewe aliwahi kulazwa seli siku kumi na moja kwa kosa la mtu mwingine, akarudi mtu wa kushtuka hata kijiko kikianguka. Yeye mwenyewe shule aliiachia darasa la sita, akawashonea watoto wa watu mashati ya shule ili wake wasome. Huyu kitindamimba ndiye aliyefika mbali kuliko wote.

Si kwamba binti hakuwahi kumweleza. Siku moja aliokota kola mezani, akaipanua kwa vidole.

"Ona, mama. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, kama kitambaa na bitana yake, mikia imejificha katikati. Mafuta yakichacha, mkia unapinda, unachomoza nje, maji yanapata upenyo. Mimi nautengeneza utando huo kwenye kompyuta, nione mafuta yakichacha kiasi gani ndipo unatoboka."

"Mafuta yaliyochacha? Si ungekuja jikoni kwangu ukayaona bure."

Binti alicheka, akaendelea kueleza. Mama alikuwa ameshainama anatafuta tundu la sindano. Seli yenyewe ni nini, hakuuliza.

Kulipopambazuka alimwamsha mwanawe wa kiume, kaka wa binti, wakaenda kituoni. Askari alipekua daftari, akapiga mwayo.

"Binti hatuna. Tunaye mlevi mmoja, kama mnamtaka."

"Twende chuoni," kaka mtu alisema. "Huko watajua amekamatiwa wapi."

Chuoni walielekezwa ghorofa ya pili. Fundi alisukuma mlango bila kubisha. Binti yake alikuwa amesimama mbele ya walimu watano, macho mekundu, nyuma yake ukutani picha ya vipira vyenye mikia. Kompyuta ilikuwa imekesha ikimalizia hesabu zake, na asubuhi ile ndiyo alikuwa akiitetea kazi ya miaka minne.

"Samahanini," mama alisema, akainua mfuko wa nailoni wenye hati ya nyumba. "Nimekuja kumwekea mwanangu dhamana. Nimeambiwa yuko seli."

Walimu waliangua kicheko. Hata binti alianza kutabasamu, akamsogelea amnong'oneze. Hapo ndipo mama angenyamaza. Lakini aibu ilikuwa imempanda kichwani, na ulimi hauna mfupa.

"Miaka minne unachezea mafuta yaliyochacha," alisema, wote wakisikia. "Ungeshika cherehani ungekuwa na kwako."

Kicheko kilikatika. Mwalimu mmoja aliandika kitu. Binti alirudi mbele, akamaliza kusema kwa sauti ya mtu anayesoma risiti.

Alifaulu. Habari hiyo fundi aliipata kwa kaka mtu, kwa maana wiki ileile binti alihamisha vitu vyake, akapanga chumba mtaa wa pili, na simu za mama akawa hapokei.

Mwezi mzima kila kola iliyopita mikononi mwake ilimrudishia yale maelezo, na kila mara aliyafikisha palepale alipoacha kusikiliza. Jumapili moja alifunika cherehani, akaenda. Alibisha mara tatu.

"Nani?"

"Mimi, mama yako."

Kisha sauti ikasema, "Umeleta dhamana?"

Hakujua kama ni utani au ni mwiba.

"Hapana. Nimeleta swali." Alishika fremu ya mlango. "Ule mkia, mwanangu, ukishapinda, hunyooka tena?"

Ndani, kiti kilisogezwa. Nyayo zikaja, zikasimama upande wa pili wa mlango.

"Haunyooki, mama."

Akainamisha kichwa. Alikuwa anageuka aondoke, aliposikia komeo linavutwa.